Kujiamini Hujengwa kwa Mazoezi: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Kazi ya Ubunifu Lubumbashi

Watu wengi hapa mjini wanangoja kujiamini kwanza ndipo waanze. Kijana wa Katuba anasema ataimba peke yake kwenye kwaya siku haya itakapomtoka. Mama wa Ruashi anayeshona vizuri kuliko mafundi wengi anasema nguo zake ataziweka mbele ya watu akishakuwa tayari. Miaka inapita, haya haitoki, na siku ya kuwa tayari haifiki. Nimekaa na vijana na watu wazima katika atelie na vyumba vya mazoezi vya mji huu, na ninaamini kwa dhati kwamba wanaongoja hivyo wameligeuza jambo kichwa chini. Kazi ndiyo hutangulia. Kujiamini hufuata nyuma yake, tena taratibu, baada ya kazi kurudiwa mara nyingi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika jambo hili mwaka 1977. Alitaja vyanzo vinne vya imani anayokuwa nayo mtu juu ya uwezo wake: mambo aliyoyafanya mwenyewe akayaweza, kuwaona watu wanaofanana naye wakiyaweza, maneno ya kutiwa moyo, na jinsi anavyousoma mwili wake anapotetemeka au kutulia. Cha kwanza kina nguvu kuliko vyote. Mwaka huohuo yeye na wenzake walifanya utafiti kwa watu wanaoogopa sana nyoka. Wengine waliangalia tu mtu akimshika nyoka. Wengine walimsogelea wenyewe, hatua kwa hatua, wakisaidiwa, mpaka wakamshika. Hawa wa pili ndio waliotoka na imani kubwa zaidi. Sifa za shangazi zina kazi yake, lakini hazifiki hapo.

Kazi ya ubunifu inafaa kwa safari hii kwa sababu inaacha ushahidi. Mchoro unabaki kwenye karatasi, nguo inabaki kwenye henga, sauti inabaki kwenye simu. Siku moyo unapokuambia kwamba hujapiga hatua yoyote, una kitu cha kuuonyesha.

Hatua ya 1: Taja mahali woga unapokukamata

Hakuna mtu asiyejiamini katika kila jambo. Mama anayeuza samaki wa tomson kwenye soko la mtaa wa Kenya hapa mjini anabishana bei na wateja tangu asubuhi hadi jioni bila sauti kukwama. Mwite mama huyohuyo kwenye mkutano wa wazazi shuleni, ambako mambo yanakwenda kwa Kifaransa, atakaa nyuma kimya ingawa ana neno la maana kuliko wote waliosimama. Kumwambia kwamba hajiamini ni kumkosea. Kuna mlango mmoja tu unaomtisha.

Kwa hiyo chukua kaye, yaani daftari, andika sentensi moja: ninaogopa kufanya jambo gani, mbele ya nani. "Ninaogopa kumwonyesha baba michoro yangu." "Ninaogopa kujibu kwa Kifaransa mbele ya darasa." "Ninaogopa kumtajia mteja bei ya viatu nilivyotengeneza." Ukiandika tu "ninaogopa watu", hujamaliza. Endelea kuuliza: watu gani, wakati gani, ukifanya nini?

Ukiwa na sentensi kadhaa, chagua ile ya katikati: inayokufanya usite, lakini isiyokunyima usingizi. Ile kubwa kabisa itakuja baadaye.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja, na vifaa vilivyo karibu

Moja tu. Anayeanza gitaa, uchoraji na ushairi katika wiki moja atakuwa na mianzo mitatu na hatakuwa na mazoezi. Jiulize mambo matatu. Je, kazi hii naipenda kiasi cha kuirudia hata ikichosha? Je, naweza kuifanya kwa muda mfupi nyumbani? Je, inaacha kitu ambacho mwezi ujao nitaweza kukitazama au kukisikiliza?

Kuhusu vifaa, usikubali fedha iwe sababu ya kungoja. Makala ya mbabula, yaani mkaa wa jiko, yanachora. Chagua kipande chembamba na chepesi, kwa sababu kizito na kigumu hukwaruza karatasi bila kuacha weusi. Karatasi ya ndani ya mfuko wa simenti, ikikung'utwa na kufutwa kwa kitambaa, inashika makala vizuri kuliko karatasi nyeupe inayoteleza. Simu yoyote inayorekodi sauti inatosha kwa anayejifunza kuimba, kusimulia au kuzungumza mbele ya watu. Vipande vya vitenge vinavyobaki kwa fundi vinatosha kwa anayeanza kushona.

Mji wetu unajua habari hii. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Yeye na wachoraji wenzake wa miaka ya 1970 waliishi kwa kurudia picha ambazo watu walitaka kutundika sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, na picha za enzi ya ukoloni wa Wabelgiji. Wateja walikuja wakitaka picha ileile, naye mchoraji akaichora tena, na tena. Kisha mwaka 1973 na 1974 Tshibumba akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mchoraji wa mtaani: alichora historia nzima ya nchi, picha kama mia moja, akimweleza kila moja mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa. Mimi naona marudio yale ya mamba muntu yalikuwa sehemu ya kazi ile kubwa. Mkono wake ulikuwa umeshapita shule yake.

Hatua ya 3: Funga zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku

Usiseme "nitafanya nikipata nafasi". Katika nyumba zetu nafasi haipatikani: watoto wamejaa, wageni wanaingia, umeme unakatika. Sema: nikishamaliza kuosha vyombo vya jioni, nakaa kwenye kiti kile, nachora. Au: nikishamfikisha mdogo wangu shuleni, narekodi sauti njiani kabla sijapanda taksibisi. Kuanza na dakika ishirini kunatosha. Kama giza linakuja mapema na taa haina uhakika, weka zoezi asubuhi.

Utafiti uliofanywa London na Phillippa Lally na wenzake, uliotoka mwaka 2010, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijenga tabia ndogo ya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ikawa inakuja yenyewe, lakini kwa wengine ilichukua siku 18 na kwa wengine makadirio yalifika siku 254. Tena ikaonekana kwamba kukosa siku moja hakuharibu kazi. Hapo pana faraja kubwa. Ukiwa na msiba nyumbani, au malaria, rudi kesho yake bila kujihukumu.

Waambie wa nyumbani. Sema kwa heshima: "Mamu, naomba dakika ishirini, halafu nakuja kusaidia bukari." Watu wakishajua ni dakika ishirini na kwamba unarudi kweli, wanakuachia.

Hatua ya 4: Jifunze kufanya mazoezi yenyewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kurudia kitu ovyo hakukuzi uwezo. Mtu anaweza kuimba wimbo uleule kwa miaka kumi na kosa likabaki palepale. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake waliandika juu ya wanafunzi wa fidla huko Berlin: waliokuwa bora walikuwa wamefanya mazoezi mengi zaidi wakiwa peke yao, mazoezi yanayolenga kasoro fulani, tena kwa vipindi vyenye mapumziko kati yake. Chukua somo hilo: kasoro moja, muda mfupi, pumzika, rudia.

Tuone kwa mfano wa kuchora. Weka kikombe cha bati juu ya kigoda karibu na dirisha, mwanga uje kutoka upande mmoja. Siku ya kwanza kichore chote kwa dakika kumi bila kufuta. Kisha simamisha mchoro kando ya kikombe, rudi nyuma hatua mbili, tafuta kosa moja tu. Karibu kila anayeanza anakosea mahali pamoja: mdomo wa kikombe ameuchora mviringo kamili kwa sababu anajua ni mviringo, hali jicho lake likiwa upande linauona umebonyea kama yai lililolala. Na kitako amekichora mstari ulionyooka, ingawa ukitazama vizuri kimepinda, tena kimepinda kuliko mdomo kwa sababu kiko chini zaidi ya jicho lako.

Siku ya pili usichore kikombe. Chora midomo ya vikombe peke yake, ijaze ukurasa mzima, mkono ukienda kutoka begani na si kutoka vidoleni. Siku ya tatu, mdomo na kitako. Siku ya nne, mkono wa kikombe, na hasa pale unapoungana na ubavu. Siku ya tano kichore chote tena, kwa dakika kumi zilezile. Sasa weka mchoro wa kwanza na wa tano pamoja sakafuni. Usiseme kitu. Tazama. Nimeziona nyuso za watu katika dakika hiyo, watu wazima waliokwisha kujiambia tangu shule ya msingi kwamba hawana mkono wa kuchora, na najua kwamba hotuba yoyote ya kutia moyo haiwezi kuwapa kile ambacho karatasi mbili zimewapa.

Njia ni ileile kwa kazi nyingine. Anayejifunza gitaa ana mwalimu mkubwa katika historia ya Katanga: Mwenda Jean Bosco wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada: gumba linashika mdundo wa chini, shahada inaimba juu. Ukitaka kuingia njia hiyo, fanya gumba peke yake, polepole sana, mpaka liweze kwenda lenyewe huku unajibu maswali ya mtu aliye chumbani. Ndipo uongeze kidole cha pili, sauti moja, kisha mbili. Ukikimbilia vyote kwa pamoja, vidole vitagongana na utadhani huna kipaji.

Anayejifunza kuzungumza, arekodi dakika moja akisimulia jambo lililotokea leo. Asikilize mara moja. Wengi hawapendi sauti yao wakiisikia kwenye simu. Hilo ni la kawaida kwa binadamu wote, kwa sababu sauti yako unapozungumza unaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na simu haina mifupa hiyo. Atafute kosa moja. Mara nyingi ni hili: sauti inakufa mwisho wa sentensi. Kesho arekodi hadithi ileile akijali jambo hilo tu. Na kama shida yako ni Kifaransa cha darasani, anza na hadithi kwa Kiswahili mpaka mpangilio wake ukae kichwani, ndipo uisimulie kwa Kifaransa. Mwanafunzi anayetafuta wazo na neno kwa wakati mmoja hukwama, na wenzake wakicheka anaamini kwamba hana akili.

Hatua ya 5: Usichane kitu

Andika tarehe nyuma ya kila kazi, iwe mbaya au nzuri, uitie kwenye bahasha kubwa au katoni. Michoro ya makala iwekwe na karatasi katikati, la sivyo itapakana. Rekodi zipewe majina ya siku. Mwisho wa mwezi kaa peke yako, toa ya kwanza na ya mwisho, andika mstari mmoja kwenye kaye: sasa naweza nini ambacho sikukiweza? Usilinganishe jana na leo. Tofauti ya siku moja haionekani.

Hatua ya 6: Kaa karibu na anayefanya

Chanzo cha pili cha Bandura ni kumwona mtu wa hali yako akiweza. Maneno "wa hali yako" yana uzito. Video za mafundi wa nchi za mbali zinafundisha, lakini mara nyingi zinamwacha mtu na fikra kwamba wale wana vitu ambavyo yeye hatavipata. Kijana wa Kampemba anayefua shaba kwa nyundo uani kwao, kwa vifaa vilevile vinavyouzwa hapa, anakufundisha jambo la ziada: linawezekana hapahapa.

Namna ya kuomba ni muhimu. Usiende mikono mitupu na maneno makubwa ya kutaka kuwa mwanafunzi wake. Nenda saa ambayo hana wateja, salimia, sema: "Yaya, kazi yako inanipendeza. Naomba nikae nikuangalie, sitakusumbua. Kama kuna cha kubeba au kufagia, nitafanya." Mtu wa umri wa baba yako mwite Papa, na wala usianze kwa kumwuliza anapata franga ngapi. Angalia mikono yake. Angalia hasa anapokosea: anafanya nini? Fundi hapigi kelele wala hatupi chombo. Anatazama, anarekebisha, anaendelea. Uso huo wa fundi mbele ya kosa ndio somo utakalorudi nalo nyumbani.

Na unapojifunza kwake usiogope kutofanana naye. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa, Élisabethville ya wakati huo, atelie iliyokuja kuitwa Le Hangar. Hakutaka wanafunzi waige picha za Ulaya. Tazama walivyotoka: Pilipili Mulongoy na samaki, ndege na majani yake yaliyopangwa kwa uangalifu mkubwa, Bela aliyeacha brashi akapaka rangi kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga aliyejaza picha nzima kwa mistari mifupi mifupi iliyosimama pamoja. Paa moja, mikono mitatu tofauti kabisa. Ningependa kila kijana wa mji huu anayedhani kwamba namna yake ni "mbaya" kwa sababu haifanani na ya mwenzake azione picha za hao watatu zikiwa pamoja.

Hatua ya 7: Onyesha kwa ngazi

Kazi inayokaa chini ya kitanda inajenga ustadi, lakini woga wa macho ya watu unabaki vilevile. Kwa hiyo panda ngazi, kipandio kimoja kwa wakati mmoja.

Anza na mtu mmoja. Asiwe yule anayesifu kila kitu, wala yule mwenye ulimi wa wembe. Tafuta mtu anayeweza kukaa na kutazama. Mpe kazi moja, si kumi, na umwulize maswali yanayojibika: "Jicho lako limeenda wapi kwanza? Kuna mahali hukuelewa? Kama ningebadilisha kitu kimoja, kiwe kipi?" Ukiuliza "ni nzuri?" utapata jibu la adabu ambalo halikusaidii. Anapojibu, andika. Usijitetee. Baada ya siku mbili utajua lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Kisha watu watatu au wanne pamoja: jioni moja uani, kila mmoja alete kitu chake, hata kama ni wimbo nusu. Halafu kundi ambalo hukulichagua wewe: darasa, kwaya, kikundi cha vijana parokiani, sherehe ya mwisho wa mwaka wa shule. Hapo ndipo pa kukutana na ile sentensi uliyoiandika katika hatua ya kwanza. Juu zaidi kuna kumbi na maonyesho. Mji huu una biyenale yake, yaani maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kikundi cha wasanii kiitwacho Picha, ambacho mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waasisi wake. Nenda kama mtazamaji kwanza, uone kazi za wasanii wa hapa zikiwa zimetundikwa kwa heshima.

Kuna maneno utakayoyasikia nyumbani: "Hiyo haiwezi kukulisha." Aliyeyasema mara nyingi anakupenda na anaogopa njaa kwa niaba yako. Usibishane naye. Endelea na shule au biashara yako, tunza dakika ishirini zako, na siku ukiwa na kitu kilichokamilika mwonyeshe yeye kabla ya wageni. Nimeona baba aliyekuwa mkali akibeba mwenyewe mchoro wa binti yake kwenda kutengenezewa fremu.

Kuhusu macho ya watu: mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji, fulana ya kumtia aibu, kisha akaingizwa chumbani kwa wenzake. Aliyevaa alidhani kama nusu ya waliokuwamo wangeitambua picha ile. Waliotambua walikuwa karibu robo tu. Sauti yako ilipokwama kwenye ubeti wa pili, uliisikia kama radi. Mama wa benchi la nne alikuwa akimbembeleza mtoto.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Siku ya kusimama mbele ya watu mwili utafanya yake: moyo kwenda mbio, viganja kulowa, magoti kulegea. Ushauri wa kawaida ni "tulia", na ni mgumu kuutekeleza, kwa sababu mwili umeshawaka. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu waliokuwa karibu kuimba mbele ya wengine walisema kwanza neno moja juu ya hali yao. Waliosema wamechangamka waliimba vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi. Katika jaribio la kutoa hotuba, waliojiambia wamechangamka waliwashinda waliojiambia wametulia. Basi sema kwa sauti ya chini: "Nimechangamka, mwili wangu unajiandaa." Hiyo ni kweli pia, kwa hiyo hujidanganyi.

Usiku uliotangulia andaa kila kitu: nyuzi za gitaa, nguo uliyokwisha kuivaa ukajua haibani, karatasi zilizopangwa. Fika mapema, simama mahali utakaposimama, ona mlango uko wapi. Jua sentensi yako ya kwanza kwa moyo, neno kwa neno, na sentensi ya mwisho pia. Katikati usikariri, shika vichwa vitatu tu. Waigizaji wa kundi la Mufwankolo, ambao mji mzima uliwajua kwa michezo yao ya Kiswahili kwenye televisheni, hawakusoma maneno yaliyoandikwa: walikubaliana mfululizo wa hadithi, wakafanya mazoezi ya matukio, kisha kila mmoja akasema kwa ulimi wake. Anayekariri kila neno, likimtoka moja, anaanguka lote. Anayejua njia hurudi.

Kabla ya kuanza, toa pumzi yote nje polepole, ngoja kidogo, kisha acha hewa iingie yenyewe. Tazama uso mmoja wa kirafiki. Sema sentensi ya kwanza polepole kuliko unavyotaka. Ukikwama, nyamaza, vuta pumzi, rudi kwenye kichwa kinachofuata. Usiombe msamaha. Wengi wa wasikilizaji hawakujua ulichokusudia kusema.

Hatua ya 9: Likiharibika

Litaharibika siku moja. Usiku huo usiamue chochote, usitupe chombo, usitangaze kwamba umeacha. Kesho yake andika mambo mawili yaliyokwenda sawa na moja la kurekebisha, kisha fanya zoezi la kawaida la dakika ishirini, hata bila hamu. Ndani ya wiki chache tafuta nafasi ya kusimama tena, kwenye kipandio cha chini kidogo. Ukikaa nje muda mrefu, woga unakua.

Lakini kuna woga ambao mwongozo kama huu hauutoshi. Ukiona wiki zinapita mtu hali chakula vizuri, halali usingizi, anajificha na ndugu zake, au anasema maisha hayana maana, huyo anahitaji mganga wa hospitali. Mpeleke kituo cha afya. Hapa Lubumbashi kipo pia kituo cha Joseph Guislain kinachoshughulikia magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu, na mazoezi yatamngoja.

Hatua ya 10: Taja bei

Nimeiweka mwisho kwa sababu watu waliokwisha kuimba mbele ya mamia bado wanainamisha macho mteja anapouliza "ni ngapi?" Bei ni jukwaa pia, na inahitaji mazoezi yake.

Kabla ya kuuza, andika gharama: rangi, uzi, kitambaa, usafiri. Andika saa ulizotumia, na uzipe thamani unayoweza kuitetea, hata ndogo. Jumlisha. Hiyo ndiyo bei ambayo huwezi kushuka chini yake. Kwa kuwa hapa kila mtu atajadili, ongeza nafasi kidogo ya kushuka. Kisha zoeza kinywa: mwombe rafiki ajifanye mteja, akuulize bei, nawe utaje namba, ukitazama usoni, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Wanaoanza hutaja namba na papo hapo huanza kuipunguza wenyewe: "lakini tunaweza kuelewana, si kazi kubwa sana, ndiyo kwanza najifunza." Mteja hajasema neno, na bei imeshashuka. Rudieni mchezo huo mpaka uweze kukaa kimya huku rafiki anashangaa, anacheka, anageuka kwenda zake.

Mteja wa kweli akisema ni ghali, jibu kwa upole: "Ninakuelewa, Papa. Mfuko huu nimeushona kwa mkono na ndani nimeutia kitambaa mara mbili, tazama." Mpe aushike. Akishuka mpaka chini ya mstari wako, mshukuru na umwache aende. Akinunua, andika kwenye kaye tarehe, kitu, bei, na jambo alilolisifu, kwa sababu hilo utalihitaji utakapochagua kazi inayofuata kutengeneza.